Mkuki wa Warumi katika Ua wa Mama Aziza

Kamina, siku za kiangazi

Mama Ngoie, mama wa mume wangu, Lolo, mama yangu uliyenipokea kama mtoto wa tumbo lako,

Nakupigia magoti kutoka huku mbali, kama nilivyozoea kupiga mlangoni pako kabla sijaingia. Umeamkaje? Magoti yako yanasemaje na baridi hii ya asubuhi? Yule mama anayeleta samaki kutoka huko, aliyeniletea salamu zako, alisema unatembea mpaka mtoni bila fimbo. Nilifurahi, lakini nakujua, huenda wewe mwenyewe ulimwambia aseme hivyo. Na mihogo ya mwaka huu imetoka vipi? Tata Monga, baba yetu mdogo, bado anakohoa? Hapa tunasikia kwamba njia za huko zimetulia kidogo, tena tunasikia kwamba hazijatulia, na hatujui tumwamini nani.

Sisi tuko hai. Bea ananizidi urefu sasa. Paji la uso ni la baba yake kabisa, na akikasirika ananyamaza kama yeye, mpaka mtu achoke kumbembeleza. Anasoma kwa masista. Anakusalimu, na anasema umwekee ile sahani ya mbao aliyokuwa akilia chakula alipokuwa mdogo, usimpe mtoto mwingine.

Mama, barua hii ni ndefu na ndani yake kuna jambo zito. Papa Didier, wewe katekista unayemsomea Mama, nakuomba usome polepole na usiruke kitu. Kabla hujaendelea, mwite Tata Monga aje akae karibu yake. Jambo lenyewe ni la mwanao Prosper. Sisemi kwamba yuko hai. Sitaki kukudanganya, Mama, hata kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Lakini nimepata habari zake, na lazima nikueleze zilivyonifikia, kwa sababu bila hivyo hutaziamini, na utamchukia mtu kabla hujamsikia.

Unajua kwamba nafanya kazi kwa Mama Aziza. Ni Mwislamu, wazee wake walitoka upande wa Kasongo, Maniema, wakafuata biashara mpaka hapa. Ana duka la vitambaa na simu karibu na gare, pale treni zinaposimama. Nyuma ya duka kuna chumba chenye televisheni na mashine za michezo, kisha ua wenye migomba. Vijana wanakuja humo kucheza, na hata wanaume wenye watoto wanakuja. Kazi yangu ni kufungua, kufagia, kupanga zamu na kuzuia ugomvi. Nilipofika Kamina na Bea mgongoni, tukilala katika darasa la parokia pamoja na wakimbizi wengine, yeye ndiye aliyenichukua bila kuniuliza maswali mengi.

Sasa nikueleze mchezo mmoja wanaoucheza humo, kwa sababu hujawahi kuuona. Kwenye televisheni kuna nchi nzima, na miti, mito na watu. Anayecheza ameshika kitu mkononi chenye vidude vya kubonyeza, na kwa hicho anamtembeza mtu wake. Mtu huyo anaanza bila kitu. Lazima akate miti, achimbe mawe ya chuma, achome makala, yaani makaa ya miti, ajenge tanuru, afue. Wapo wanaofua majembe, na wapo wanaofua silaha. Silaha ambayo vijana wetu waliipenda kuliko zote ni mkuki mmoja wa askari wa Roma ya zamani, wale waliomsulubisha Bwana wetu. Wanauita pilum. Ni mkuki wa kurusha. Nusu yake ya nyuma ni mti mnene, na nusu ya mbele ni chuma chembamba kama kidole, kirefu kama mkono wa mtu, na mwisho wake kuna ncha ndogo yenye pembe nne. Kuutengeneza kuna taabu: mti wake si mti wowote, chuma chake lazima kifuliwe mara nyingi, halafu viunganishwe kwa vijiti vya kupigilia. Ukiurusha ukaingia katika ngao ya adui, kile chuma chembamba kinapinda, na adui hawezi kuuchomoa akurudishie.

Mimi sikupenda kuutazama. Wewe unajua kwa nini. Wakianza kurushiana, nilitoka nje nikaenda kufagia ua uliokwisha kufagiliwa. Sikumwambia mtu. Vijana walifikiri kelele zinanichosha.

Mmoja wao anaitwa Trésor. Ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, ana mdomo mwingi lakini si mbaya. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine kuutengeneza ule mkuki katika mchezo. Na mwingine aliyekuwa akija ni Kabwe.

Kabwe ni kijana mkubwa, ana ndevu, ni muuza makala. Anachoma makala njia ya kwenda Kabongo na kuyaleta mjini kwa baiskeli, magunia yamefungwa juu ya magunia, yeye anasukuma kutoka nyuma na uso hauonekani. Akishauza, alikuwa anakuja kukaa kwenye kona na kucheza peke yake. Mtu wake katika mchezo hakufua silaha hata siku moja. Alilima. Alijenga uzio, alifuga mbuzi. Vijana walimcheka, wakamwita mkulima wa Roma, naye alitabasamu, akaendelea kulima. Siku moja Trésor alimfuata mpaka shambani mwake, ndani ya mchezo nasema, akamrushia ule mkuki. Mtu wa Kabwe akaanguka. Kabwe akaweka chini kile alichoshika, akatoka, nikamkuta nyuma ya migomba ameshika magoti, anatapika.

Mama, nilifikiri ni mwenzangu. Nilifikiri naye amepoteza mtu kama mimi. Nilimpa maji anawe uso. Tangu siku hiyo, nikipika ugali wa bukari na majani ya sombe mchana, nilimwekea sahani. Alikula kwa adabu, akishukuru kwa Kiluba cha kwetu, cha kando ya mto. Nilijua kwa kumsikia kwamba ametoka upande wetu. Nilimuuliza kijiji, akataja kimoja kilicho chini ya Malemba. Nikamwambia mimi nilikimbia kutoka Kyalwe, kwenye kivuko. Akaacha kula. Akasema ameshiba, akaenda. Hata hapo sikuelewa.

Kisha Trésor akafanya jambo la kitoto. Alikwenda kwa fundi anayechomelea vyuma karibu na gare, akamwonyesha picha ya pilum katika simu, akaomba amtengenezee mmoja wa kweli. Fundi akachukua kipande cha nondo, akakichoma na kukifua mpaka kikawa chembamba, akakichonga ncha, akakipigilia kwenye mpini wa jembe. Trésor akaja nao uani akiubeba begani. Vijana wote waliacha televisheni wakatoka. Wakachagua mgomba mmoja uliokwisha kuzaa, wakaanza kuurushia. Mkuki ulianguka pembeni, ukaanguka chini, ukagonga ukuta kwa ubavu. Walicheka sana. Trésor alikuwa anawapiga picha za video kwa simu yake.

Mimi nilitaka kuwafukuza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio.

Hapo Kabwe akaingia na baiskeli yake, akileta gunia la makala la Mama Aziza. Wakamwita. Alikataa. Alisema yeye si mtu wa michezo ya namna hiyo. Wakamzunguka, wakamtania kwamba mkulima wa Roma anaogopa chuma, wakamtia mkuki mkononi. Nafikiri alitaka tu wamwache. Alirudi nyuma hatua chache, mkono ukaenda nyuma ya sikio, mguu wa kushoto ukatangulia, akaurusha. Mkuki ulipita katikati ya mgomba, ukatokea upande wa pili, ukagonga ukuta, na kile chuma kikapinda.

Vijana walipiga kelele za furaha. Trésor alisema umepinda kama katika mchezo, kabisa kabisa.

Mama, mimi niliuona ule mkono. Siku ile ya Kyalwe nilikuwa ndani ya mtumbwi na Bea kifuani, unajua, nilikueleza mara nyingi. Prosper alitusukuma pamoja na wale wanawake wengine mpaka maji yakamfika kiunoni, kisha akarudi kuusukuma mtumbwi wa pili. Mimi nilikuwa nimegeuka natazama ukingoni. Wale wapiganaji wa msituni walikuwa wamepanga mstari, na wote walikuwa wanarusha mikuki hivyo hivyo, mkono nyuma ya sikio, mguu wa kushoto mbele. Mtu anayejaribu kwa mchezo harushi namna ile. Mikono ile ilifundishwa.

Nikaketi chini pale mlangoni. Kabwe aligeuka, akaniona. Hakuuliza nimepatwa na nini. Alichukua baiskeli yake, akatoka, na gunia la makala likabaki katikati ya ua.

Hakurudi siku hiyo wala zilizofuata. Lakini ile video ya Trésor ilitembea. Kutoka simu hadi simu ikafika sokoni, watu wakiicheka na kuisifu, wakimwita Kabwe Mroma wa Kamina. Ikafika kwa mama mmoja muuza samaki, Mama Feza, naye alikimbia kutoka kwetu. Akaitazama, akaomba airudie, kisha akasema mbele ya meza zote za samaki kwamba huyu anamjua uso, alikuwa na watu wa msituni, aliwahi kuja kijijini kwao pamoja nao kuchukua mbuzi.

Kabla maneno hayo hayajafika kwangu, Kabwe mwenyewe akaja. Ilikuwa asubuhi, nimefungua tu, chumba kitupu. Alibaki amesimama. Mikono ilikuwa myeusi kwa makala, akaificha nyuma yake. Akaniambia anataka nisikie kwake kabla ya kusikia kwa wengine:

“Mama Mado, mbele bantu bengine bakuambie, minyi njo nitakuambia. Nilikuwa na bale.”

Nikamuuliza wale wa wapi, ingawa nilijua.

“Bale ba mu pori.”

Nikasema, “Ku Kyalwe ulikuwa?”

“Nilikuwa.”

“Ni weye njo ulimupiga bwana yangu?”

Kisha akasema, “Siyui, mama. Nilitupa. Shiye bote tulitupa.”

Mama, sitaki kukuficha nilivyokuwa. Sikulia. Nilikwenda kwenye sahani zangu, nikaitoa ile aliyokuwa akilia chakula kwangu, nikaanza kuisugua kwa majivu. Niliisugua mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa natamani afe. Nilitamani afe pale pale mbele yangu, na nilitamani sana nisiwe nimempa chakula. Yeye alibaki amesimama. Alianza kueleza, bila mimi kumuuliza. Kwamba wale watu walifika kijijini kwao wakadai kijana mmoja katika kila nyumba. Kwamba yeye alikuwa bado hajaota ndevu, na kaka yake alikuwa mgonjwa, basi akaenda yeye. Kwamba waliwapaka dawa wakawaambia risasi zitageuka maji. Kwamba alikaa nao mpaka alipoona nafasi, akatoroka, akajisalimisha kwa wakubwa wa serikali, na tangu hapo hajawahi kurudi kwao kwa sababu anaogopa macho ya watu. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia habari ya dawa zake hainihusu.

Kisha akauliza kama mume wangu alikuwa yule mtu aliyekuwa akisukuma mitumbwi.

Papa Didier, hapa ngoja kidogo. Mama, shika mkono wa Tata Monga.

Nilimjibu kwamba ndiye. Akasema kwamba huyo anamkumbuka, kwa sababu wengine wote walikimbia na yeye hakukimbia. Alisema Prosper hakufia majini kama tulivyofikiri. Mkuki ulimpata chini ya mbavu, akatoka majini mwenyewe, akaketi ukingoni, mgongo umeegemea mti. Wakubwa wao walikuwa wameshakwenda kwenye nyumba kutafuta vitu. Kabwe alibakizwa kulinda kivuko, na Prosper alikuwa pale, hatua chache kutoka kwake. Hakumtukana. Hakuomba kitu. Nikasema hakuomba hata maji? Kabwe akatikisa kichwa, akasema aliulizia mtumbwi tu.

“Aliuliza bwato ilivuka? Nikamuambia, ilivuka. Akafunga macho.”

Hivyo ndivyo alivyokufa mwanao, Mama. Nimeandika maneno yale yale aliyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza. Miaka yote hii nilikuwa nalala nikimwona anazama, akinyoosha mkono, na mimi nikiwa mbali. Hakuzama. Alijua kwamba mimi na Bea tumevuka.

Na kuna lingine. Jioni ile waliamriwa kuwazika waliokufa, ili askari wakifika wasijue idadi. Kabwe alikuwa miongoni mwa waliochimba. Waliwaweka watu wa kivuko mahali pamoja, na Prosper pembeni, peke yake, kwa sababu nafasi ilikwisha. Si mahali tulipotafuta sisi na Tata Monga kabla sijaja Kamina. Ni ng'ambo ya kile kijito kinachoingia mtoni, upande wa vichuguu. Nilimwambia anichoree. Akajaribu kwa kidole juu ya sakafu, akashindwa, akasema vichuguu ni vingi na mto hula ukingo kila mwaka, lakini akisimama pale miguu yake itajua.

Mama Aziza alikuwa amefika akasikia sehemu ya mwisho. Hakuniambia nisamehe wala nisisamehe. Aliufunga mlango wa duka, akaketi karibu nami juu ya sakafu, mwanamke mkubwa kama yule, na akanishika mguu. Tulikaa hivyo.

Mchana wakaja watu. Nilisikia kwanza miguu mingi. Walitoka sokoni, maneno ya Mama Feza yalikuwa yamewawasha, na mbele yao alikuwa Trésor na vijana wangu, wale ninaowapangia zamu kila siku. Trésor alikuwa ameshika ule mkuki, ameunyoosha tena kwa nyundo. Sijui kama alijua anachotaka kufanya nao. Nafikiri aliona aibu kwamba yeye ndiye aliyemsifu mtu huyo mbele ya mji mzima. Walitaka Kabwe atoke. Yeye, aliyekuwa bado ndani nasi, aliinuka ili atoke kweli. Nilimwona anajipangusa mikono kwenye suruali, kama mtu anayeitwa kwa padri.

Mama Aziza alichukua kiti, akakiweka katikati ya mlango wa uani, akakikalia. Alisema hii ni nyumba yake na hakuna damu itakayomwagika juu ya sakafu yake. Mtu mmoja akamwambia yeye si wa hapa, habari hizi ni za watu wa mto. Hakuinuka. Lakini niliona kwamba hawatamsikiliza sana, na yule mtu alikuwa amemshika bega.

Ndipo nikapita kando ya kiti, nikasimama mbele. Sikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia Trésor, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu na yeye ndiye ninayemjua:

“Bwana yangu njo alikufwa, hapana yenu. Kama iko muntu wa kumupiga huyu, ni minyi. Na minyi sijasema.”

Kutoka nyuma Mama Feza akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, kama Prosper wa mitumbwi alikuwa mume wangu. Nikamwambia ni kweli. Akaweka mkono mdomoni. Alikuwa katika mtumbwi wa pili, Mama. Ule uliosukumwa mara ya mwisho. Hatukuwa tumejuana mpaka dakika ile, na tunanunua chumvi kwa mtu mmoja.

Alipita katikati ya watu, akaja, akanikumbatia, na hapo ndipo nilipolia. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wengine wakinung'unika. Trésor aliuegemeza mkuki ukutani, akabaki ametazama chini. Mama Aziza akamwambia aurudishe kwa fundi aukate vipande, na alikwenda. Ile video aliifuta, lakini iliyokwisha kutembea haifutiki.

Utaniuliza kwa nini nilisimama. Nimejiuliza pia. Ningependa kukuambia kwamba ni kwa sababu ya Injili, na padri wa parokia aliposikia alinisifu hivyo, nami nikaona haya. Sijui, Mama. Labda ni huruma. Labda ni kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua mahali Prosper alipo, na wangemuua wangeniua mimi mara ya pili. Sijamsamehe. Siku nyingine naamka nikifikiri nimesamehe, kisha naona mkono wake unashika kitu chochote, hata kikombe, na yote yanarudi. Simpikii tena. Anakula kwa padri, ambaye amempa mahali pa kulala nyuma ya parokia, kwa kuwa mwenye nyumba alimfukuza. Polisi walimwita, wakaandika maneno yake, wakamwachia wakisema mambo hayo ni ya wakubwa zaidi yao.

Vijana bado wanacheza. Sikuwakataza kitu, kwa sababu haikuwa kosa la mashine. Lakini Trésor hafui tena ule mkuki. Siku hizi akija anakaa kwenye kona ya Kabwe, anaendelea na shamba aliloliacha mwenzake. Uzio ulikuwa umeanguka, mbuzi wakatoka. Alinieleza hayo kwa huzuni kabisa, kama mbuzi wa kweli.

Sasa nafikia ombi langu.

Kabwe anataka kuja huko kuonyesha mahali. Ni yeye aliyelisema kwanza, sikumlazimisha. Nilimwambia kwamba huko kuna ndugu wa waliokufa na huenda asirudi. Akasema anajua. Padri yuko tayari kumwandikia padri wa Malemba, na mimi nitakuja naye pamoja na Bea. Tutapanda treni mpaka Bukama, kama itatembea, kisha tutashuka na mto.

Lakini sitaleta mtu huyu katika nchi yako bila wewe kukubali. Wewe ndiwe uliyemzaa Prosper. Zungumza na Tata Monga na wazee wa ukoo. Kama mnakubali, Tata Monga awaambie vijana, mbele ya watu wote, kwamba huyu anakuja mikononi mwa mjane na mtu asimngoje njiani. Kama unakubali aonyeshe mahali lakini hutaki kuuona uso wake, haidhuru, yeye mwenyewe amesema atabaki ng'ambo ya kijito na kutuonyesha kwa mkono, kisha ataondoka bila kukanyaga ua wako. Na kama hutaki kabisa, nitakuelewa, wala sitakuuliza mara ya pili.

Bea nimemwambia yote. Nilifikiri atalia. Aliuliza tu kama baba yake alikuwa na viatu. Anasema nikuambie kwamba yeye anataka kwenda.

Nisalimie Tata Monga, mdogo wa marehemu baba mkwe, na umwambie dawa ya kifua nitamletea. Nisalimie shemeji Kasongo mfuma nyavu na mke wake, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Nisalimie Yaya Mujinga, dada mkubwa wa Prosper, na umwambie nimeitunza kanga aliyonifunga siku ya kukimbia. Nisalimie jirani yako muuza mafuta ya mawese. Papa Didier, Mungu akulipe kwa macho yako na kwa sauti yako, na tafadhali usiondoke mara moja, kaa naye mpaka jua lizame.

Mama Aziza anakusalimu bila kukujua. Alikata mwenyewe kitambaa cheupe dukani kwake, kirefu cha kutosha kumfunika mtu mzima, akakikunja na kunipa. Nimekiweka ndani ya sanduku, juu ya nguo zote. Nangoja neno lako.

Mkwe wako,
Mado, mama wa Bea